Uanaume wa kujifungia chumbani na simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya ukurasa wenu wa vijana, ile iliyosema mwanaume wa kisasa ajijenge kimya kimya, apunguze marafiki, shida zake asimwambie mtu, afute namba za watu wasiomwingizia kitu, na habari za kuoa aziweke pembeni mpaka awe na hela ya kumnyamazisha kila mtu. Sio kwamba nakataa yote, pale kwenye mazoezi na kuacha pombe nimemuunga mkono kabisa huyo mwandishi. Ila hayo mengine mimi nayasikia kuanzia asubuhi mpaka tunafunga, na nawaona wanaoyafuata wanavyoishia, kwahiyo nimeona bora niandike tu hata kama itakuwa ndefu, ukiona imezidi punguza ila sehemu ya mbwa mwitu naomba uiache.

Mimi ni fundi seremala, niko Keko hapa Dar, vitanda, makochi, makabati, milango. Ofisini kwangu (sisi tunaiita ofisi hata kama ni bati na vumbi la mbao) nina vijana, wengine wanajifunza wengine ni mafundi kamili. Zamani walikuwa wanafungulia mziki au wanabishana Simba na Yanga mpaka unawaomba wapunguze sauti. Siku hizi kimya. Kila mtu hedifoni masikioni anapiga randa, na ukimchomoa moja usikilize unakuta mtu anafoka kama konda, amka wewe, wewe ni dhaifu, wenzako wanatafuta hela wewe umelala, mwanamke hakupendi anapenda mfuko wako, kata watu. Wapo wa hapa hapa Bongo, wapo wa Kenya kama yule Amerix na mafundisho yake ya Jumamosi kwa wanaume mtandaoni, alafu wapo wanaotafsiri klipu za Andrew Tate, bingwa wa zamani wa kikiboksing aliyekulia Luton huko Uingereza, ambae Desemba 2022 polisi wa Romania walimkamata na baadae akashtakiwa kwa usafirishaji wa binadamu na ubakaji, mashtaka ambayo yeye anayakana. Vijana wangu wanamjua huyo kuliko wanavyomjua diwani wao.

Kabla sijalaumu niwe wa haki. Hawa watu wanasikilizwa kwasababu wanaongea na mtu ambae hakuna mwingine anaeongea nae. Chukua kijana wa miaka ishirini na kitu, katoka mkoani, kapanga chumba Mbagala au Gongo la Mboto, baba alishafariki au yupo ila hawaongei, shule iliishia fomu foo, msikitini au kanisani anaambiwa asizini basi somo limeisha. Nani aliwahi kumkalisha chini akamwambia mwanaume anaishije, akikosa kazi anafanyaje, akikataliwa na mwanamke anafanyaje, akikasirika mkono wake anauweka wapi? Hakuna. Sasa akitokea mtu kwenye simu akamwambia mdogo wangu simama wima, oga, vaa vizuri, fanya mazoezi, kazi ifanye kwa bidii, hata mimi ningemsikiliza. Na kuna vijana hapa wameacha konyagi kwasababu ya hizo klipu, siwezi kudanganya.

Mengine yanachekesha tu. Mmoja alilipia kozi ya nidhamu ya kiume, hela yake ya jasho. Somo la kwanza kuoga maji ya baridi. Nikamuuliza wewe tangu uzaliwe uliwahi kuoga ya moto lini ukiacha ulivyokuwa mgonjwa? Somo la pili kuamka saa kumi na moja alfajiri. Mama yake anachoma vitumbua Temeke, saa tisa usiku kashawasha jiko, na hakuna aliewahi kumpa cheti cha nidhamu. Somo la tatu kula mara moja kwa siku ili mwili ujisafishe, hiyo huku kwetu tunaita pasi ndefu na wengi wanaoipiga hawajaichagua. Unaona hapo ilivyo, masomo yametungwa kwa mtu wa Marekani mwenye hita bafuni na friji limejaa, mtu ambae shida yake ni raha kuzidi, sisi tunayanunua hivyo hivyo bila kupima kama yanatuenea.

Ila hayo hayaui mtu. Linaloniumiza mimi ni hilo la kata watu.

Kuna kijana wangu mmoja fundi mzuri sana wa makochi, kushona kitambaa anakwambia niache nipange mwenyewe na ukija unakuta kazi safi. Akaanza kunyamaza. Akajitoa kwenye mchezo wa kila wiki wa mafundi, ule wa kuchangiana hela kwa zamu, akawa hali na wenzake kwa mama ntilie, kijiweni haonekani, akiulizwa anasema anajijenga. Tukamheshimu, mtu akisema anajijenga utamwambiaje. Kumbe alikuwa anabeti. Mkeka ukichanika anaweka mwingine mkubwa zaidi ili arudishe, hela ikaisha akakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kausha damu ikambana akaingia kwenye zile aplikesheni za mikopo ya kwenye simu, zile zile ambazo Benki Kuu ilikuja kuzitolea tangazo Novemba 2024 kwamba nyingi hazina leseni. Sasa hizo aplikesheni usipolipa zinatuma meseji kwa kila namba iliyopo kwenye simu yako. Ndio tulivyojua. Meseji imeingia kwangu, kwa mama mkwe wake, kwa mchungaji, kwa mteja aliekuwa anasubiri kochi, yaani watu wote aliokataa kuwaambia shida yake waliambiwa siku moja na kompyuta, tena kwa matusi.

Tulimkalisha jioni, nikamuuliza mbona hukusema? Akanijibu, na alikuwa hatanii, "Fundi, alfa haombi msaada." Alfa kwa lugha ya hizo klipu ndio dume kubwa la kundi, mwanaume anaewatawala wengine.

Tukachukua kipande cha plaiwudi tukaandika madeni yote kwa penseli, la kwanza mpaka la mwisho, yeye anataja mwenzake anaandika. Ilichukua mda kwasababu kila akidhani yameisha anakumbuka lingine. Mwenzake mmoja wa kupiga vanishi ambae nae aliwahi kuzama kwenye mikeka akajitolea awe anashika mshahara wake, wanapanga pamoja hiki cha kula hiki cha kodi hiki cha deni. Mjomba wake akapigiwa simu akaja toka Kibiti, akamsema kweli kweli, mimi mwenyewe niliona aibu kwa niaba yake, alafu huyo huyo mjomba aliemsema ndio akalipa deni moja. Kubeti hajaacha kabisa, siku za ligi ya Uingereza namuona macho hayatulii, ila sasa kuna watu wanaojua na wanaomuuliza.

Sasa mimi nikataka kumjua huyo alfa, nikaanza kusoma, na hapa ndio mbwa mwitu wenyewe. Mwaka 1947 mtafiti wa Uswisi, Rudolf Schenkel, aliandika habari za mbwa mwitu wale wa nchi za baridi, na aliowachunguza walikuwa wamefungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel. Akawaona wanapigana kugombea ukubwa, mshindi ndio akaitwa alfa. Mwaka 1970 Mmarekani anaitwa David Mech akaandika kitabu kuhusu mbwa mwitu, hilo jambo la alfa likasambaa dunia nzima. Lakini Mech hakuishia hapo, alienda kuwafuata wenyewe porini kisiwa cha Ellesmere huko Kanada, majira ya joto mengi, akakaa nao karibu kabisa, na akakuta hakuna ugomvi wa kutafuta mkubwa. Kundi la porini ni baba, mama na watoto wao basi. Anaeongoza anaongoza kwasababu ndio mzazi. Mwaka 1999 akaandika kusahihisha, na akahangaika miaka mingi kumuomba mchapishaji aache kukitoa kile kitabu chake cha zamani. Wale wa Basel walikuwa wamefungiwa geti moja na wasiojuana, ndio maana wakawa wakali vile. Kwahiyo huyo alfa wanaemuiga vijana wetu ni mfungwa, na alfa wa kweli ni mzee mwenye watoto anaewatafutia chakula.

Na hata hatuhitaji kwenda Kanada, sisi tunao mbwa mwitu wetu wale wenye mabaka, hifadhi ya Nyerere kule na Selous ni moja ya sehemu zilizobaki nao wengi Afrika. Hao wakiua swala, wakubwa wanasubiri, watoto wanakula kwanza. Waliobaki shimoni kulinda watoto wanaletewa, mwenzao anarudi anawatapikia nyama wale, na alieumia nae analishwa hivyo hivyo. Botswana watafiti mwaka 2017 waliandika kwamba kabla ya kwenda kuwinda hao mbwa wanapiga chafya, chafya zikiwa nyingi wanaondoka, zikiwa chache wanalala tena, yaani wanafanya kikao. Nilivyowasomea vijana hili ofisi nzima ilicheka, sasa hivi mtu akitaka tukanywe chai anapiga chafya.

Upande mwingine kuna hawa wa falsafa ya Stoiki, ile ya zamani ya Wagiriki na Warumi. Nao wamejaa, picha ya sanamu ya mzungu mwenye ndevu za kujisokota, chini imeandikwa usihisi kitu, usimtegemee mtu, kuwa jiwe. Sanamu lenyewe ni la Marcus Aurelius, mfalme wa Roma kuanzia mwaka 161 mpaka 180, na mimi huyu mzee nimempenda bure, ila ninaemkuta kwenye maandishi yake sio huyu wa kwenye picha. Alikuwa na daftari lake anajiandikia mwenyewe, mengine akiwa vitani huko mipakani, na wakati huo huo tauni inaua watu kwenye himaya yake. Daftari hilo limeanza na nini? Shukrani. Sehemu yote ya kwanza ni mtu mmoja mmoja na alichomfundisha, babu yake, mama yake, walimu, baba aliemlea. Kuna mwalimu wake mmoja, Rusticus, anamshukuru kwa kumfanya aelewe kwamba tabia yake inahitaji kurekebishwa. Fikiria hilo, mfalme wa Roma anashukuru kwamba kuna mtu aliemwambia wewe una kasoro! Kijana wetu anabandika picha ya mtu huyo huyo alafu anamblock rafiki aliemwambia ukweli.

Tena inasimuliwa kwamba Marcus alivyokuwa kijana mwalimu wake alifariki akalia, watu wa ikulu wakataka kumkataza, baba yake mlezi Antoninus akawaambia mwacheni awe binadamu, falsafa na ufalme haviondoi uchungu. Na hao Wastoiki toka mwanzo hawakuwa watu wa kujifungia, walianza kufundishia barazani pembeni ya soko la Athens, watu wanapita na vikapu vyao wanasikia. Epictetus ambae Marcus alimsoma sana alikuwa mtumwa tena kilema, alivyopata uhuru akafungua shule Nikopoli huko Ugiriki, wanafunzi wamejaa, na kwenye uzee inasemekana alichukua mtoto wa rafiki yake aliekuwa anaenda kutupwa akamlea. Huyo ndio stoiki. Mambo ya kuwa jiwe wameyaongeza wauza kozi.

Sasa huku kwetu nani alikuwa anawaambia vijana una kasoro? Mimi ni mtu wa Masasi, nimepita jando. Sitaki kuipamba. Kisu kimoja kilikuwa kinapita kwa watoto wengi, wapo waliopata vidonda vibaya, kulikuwa na kupigwa, na baadhi ya yaliyosemwa kuhusu wanawake nisingependa mwanangu ayasikie. Lakini kila mtoto alikuwa na mtu wake wa kumsimamia, mkubwa, anaemjua kwa jina na anaijua familia yake, na yale mafunzo yalikuwa ya vitu vya kushika, unamsalimiaje mkwe, msibani unafanya nini, kaburi linachimbwaje, chakula kikiwa kidogo nani anaanza, ukitukanwa mbele za watu unakaaje. Na ulivyorudi nyumbani yule msimamizi hakupotea, miaka kumi baadae ukifanya upuuzi anakuja kukuuliza. Wamisionari wa Kianglikana walivyoikuta huko kwetu kuna waliotaka ifutwe moja kwa moja, padri Vincent Lucas ambae baadae akawa askofu wa Masasi yeye akaamua iingizwe kanisani, ikatolewa yasiyofaa yakabaki ya kufaa, hiyo ni kabla hata ya vita ya kwanza ya dunia. Kwahiyo kubadilisha jando ni jambo ambalo wazee wetu walishaliweza. Sisi tumefanyaje? Hospitali inakata salama na hilo ni jema sana, likizo ya Desemba ngoma inapigwa, kamera ya video ipo, sare zipo, na msimamizi ametoweka. Tumebaki na sherehe.

Angalia na harusi za hapa mjini. Binti akiolewa kuna kungwi au somo, mashangazi wanamkalisha, kichen pati, wanamwambia ya jikoni na ya chumbani na ya ukweni, akikwama anajua nani wa kumpigia saa sita usiku. Mke wangu kasoma hapa nilipofika kaniambia nisiwasifie sana, nusu ya kichen pati ni masufuria na nusu ni kumsema bwana harusi. Sawa. Lakini huyo bwana harusi mwenyewe anapata nini? Wenzake wanampeleka baa, wanakunywa, mmoja alielewa pombe zaidi anampa ushauri kwamba simu usimpe mke nywila, na mwingine ambae ndoa yake imemshinda anamwambia karibu jela. Ndio chuo chake hicho. Kesho yake anavaa suti.

Alafu mtu huyo tunashangaa akiingia kwenye ile Kataa Ndoa, kampeni ya mtandaoni ya wanaume wanaosema wasioe. Mimi siwadharau hawa, wapo walioumizwa kweli, na kuoa sio lazima kwa kila mtu. Ninachokataa ni kuogopa kitu ambacho hakipo. Kijana wangu mwingine ana mchumba miaka mingi na mtoto tayari, haoi, anasema akioa mwanamke atachukua nusu ya mali. Mali yenyewe ni pikipiki na godoro lakini tuache hilo. Nusu kwa nusu ni sheria ya huko California, amesikia kwenye podikasti. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 haisemi nusu, inasema mahakama iangalie mali waliyochuma pamoja, kila mmoja kachangia nini, hela, mali au kazi, iangalie madeni na mahitaji ya watoto wadogo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango, na watu wengi wanaishia hapo, ila Bi Hawa mwenyewe kwenye kesi hiyo hakugawiwa, mahakama iliona hela ya biashara aliyopewa na mume alishaitapanya. Yaani ni mahakama inayopima, sio mtego. Na huyo kijana asipooa mtoto bado ni wake na matunzo ni yake, hapo hakuna podikasti itakayomuokoa. Angekuwa na mjomba mmoja wa kumuuliza angejua haya siku moja tu kwenye kikombe cha kahawa.

Sasa naomba niguse jambo ambalo wanaume hatuligusi, nguvu za kiume. Hii bizinesi nzima inaendeshwa na aibu. Mwanaume akishindwa chumbani hamwambii mke, hamwambii daktari, hamwambii rafiki, anaenda kununua unga wa nguvu za kiume kwa mtu asiemjua kwasababu yule mtu hamjui. Ninachotaka wasomaji wajue ni kwamba mishipa ya damu ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, ikianza kuharibika kwa presha, sukari au sigara huko ndiko kunakoanza kuonekana, mara nyingi miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika. Kwahiyo mwili unakupa taarifa ya bure ukapime, wewe unaizima na unga. Na huo unga wa asili sio wa asili siku zote, mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimepima bidhaa za namna hiyo mpaka asali zikakuta ndani wamechanganya kimya kimya sildenafil, dawa ile ile iliyo kwenye Viagra. Dawa hiyo hospitalini ina matumizi yake halali, ilianza kujaribiwa kwa ajili ya maumivu ya moyo kabla ya kuidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa kazi hii nyingine, lakini ukiinywa bila kujua huku unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti presha inaporomoka na unaweza kufa hapo hapo. Watu wanakufa kwa kuogopa kuonekana hawajiwezi.

Na wengine wanakufa kwa namna nyingine ambayo pia hatuisemi. Shirika la Afya Duniani linasema duniani kote wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa, kwahiyo tumemwambia mwanaume usimwambie mtu, na akifika mwisho kabisa akanusurika tunamwambia una kesi. Kenya Mahakama Kuu Januari 2025 ilisema kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Wabunge wetu wapo, wasome. Na kama kuna mtu anasoma barua hii na hali yake ni hiyo, nenda hospitali yoyote ya rufaa ya mkoa ulizia huduma ya afya ya akili, au mwambie mtu mmoja leo, yoyote, hata fundi wako.

Kwahiyo Mhariri mimi jibu langu kwa mwandishi wenu ni kwamba mtu hawezi kujirekebisha akiwa amewaondoa wote wanaoona alipopinda. Mazoezi afanye, vitabu asome, hela atafute kwa nguvu zote, ila abaki na watu wawili watatu wanaomjua toka hana kitu, wenye ruhusa ya kumwambia hapa umekosea, na yeye awe hivyo kwa mtu mwingine. Watu hao hawapatikani kwa kulipia kozi, wanapatikana kwa kwenda misibani, kwa kukaa kwenye mchezo ukapokea zamu yako na ukaendelea kutoa baada ya kupokea, kwa kuomba radhi. Sisi wenye umri nasi tusikae tunalaumu vijana wa siku hizi, tukiitwa kuongea nao tunaanza "enzi zetu" na kijana anarudisha hedifoni, mimi mwenyewe ningeirudisha.

Maombi yangu kwenu ni mawili. La kwanza huo ukurasa wa vijana mmpe nafasi hata mara moja kwa mwezi daktari, mwanasheria, afisa ustawi wa jamii, mzee wa baraza, wajibu maswali ya wanaume yaliyotumwa bila jina, mtashangaa barua zitakavyojaa. La pili ni lile tangazo lenu la unga wa nguvu za kiume la kila siku, najua gazeti linaishi kwa matangazo na mimi sio mhasibu wenu, lakini kama kulitoa haiwezekani basi mlihamishe kwenye kurasa za siasa ambako vijana hawafiki, sio pale lilipo sasa katikati ya ratiba ya ligi na msimamo.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam